Umeona Vyumba vya Malkia kwenye Mzinga Wako? Usikate!

Juzi usiku nilipokea ujumbe wa kijana wa Urambo mwenye mzinga mmoja tu. "Shikamoo dada. Mayai yamekuwa machache sana, na katikati ya sega kuna vitu viwili vinaning'inia kama maganda ya karanga. Mzee mmoja kaniambia nivikate, la sivyo nyuki watahama. Nikate?"

Nilimjibu saa hiyo hiyo: usikate, hivyo ni vyumba vya malkia, vijumba vya nta ambamo nyuki humlea malkia mpya. Kisha usingizi ukanipotea, maana mimi nilikata.

Ilikuwa mwaka 2019, Sikonge. Mzinga wangu wa kwanza, ule wa vipande vya juu (vipande vya mbao vinavyopangwa juu, nyuki hujenga sega chini yake), niliutundika pembeni ya shamba la baba mkwe. Niliusugua nta kwa ndani, na baada ya wiki tatu kundi likaingia lenyewe. Sikujua kwamba kundi la kwanza kutoka kwenye mzinga huondoka na malkia mzee. Wewe unafurahia nyuki wapya, kumbe mama yao keshachoka, na vibarua, yaani nyuki wafanyakazi, wanaliona hilo kabla yako. Mwezi wa nne wakajenga vyumba viwili vya malkia kwenye uso wa sega. Walikuwa wanambadilisha mama yao kwa utulivu, bila kuhitaji mkono wangu.

Mfugaji mmoja mwenye uzoefu akaniambia kata vyote. Nikakata. Baada ya siku nane wakawa wamejenga tena, nikakata tena. Niliporudi mara ya tatu hapakuwa na chumba, wala yai, wala malkia. Vibarua wanahitaji jana, yaani mtoto wa nyuki aliye kama funza, ambaye hajafikisha siku tatu tangu aanguliwe ili wamlee awe malkia, na mimi nilikuwa nimewamalizia nafasi zao zote. Mwishowe vibarua wenyewe wakaanza kutaga, mayai mawili matatu kwenye tundu moja. Yakatoka madume matupu. Nondo wa nta wakamaliza yaliyobaki. Na yule aliyenishauri akawaambia watu kwamba nyuki hawamfai mwanamke. Bado inauma, sitaficha.

Leo nina mizinga 14. Mwezi uliopita, mzinga wa sita ulipoteza malkia. Nadhani nilimbana mwenyewe nikirudisha kipande. Safari hii sikuhangaika. Kutoka mzinga wa pili nilichukua kipande chenye mayai na majana wachanga, nikapangusa nyuki wote kwa manyasi mabichi nisije nikamhamisha malkia wao, nikakipachika katikati ya mzinga wa sita. Vipande vyangu vyote vina upana wa milimita 32, kwa hiyo kilikaa sawasawa. Sega nililishika wima muda wote. Sega jipya ukililaza tu, linakatika.

Siku ya tano nilichungulia mara moja. Vyumba vitatu! Nikaandika tarehe kwenye daftari, nikafunga. Hapo ndipo wafugaji wapya mnaposhindwa, ndugu zangu. Malkia huchukua siku 15 au 16 tangu yai hadi kutoka chumbani. Akitoka hatagi hapo hapo. Anakaa karibu wiki moja akikomaa, kisha anaruka kwenda kupandana na madume wengi angani, na baada ya siku chache ndipo huanza kutaga. Ukifungua katikati ya safari hiyo unamvuruga, na nyuki wetu wa huku wakisumbuliwa mno wanahama. Kila anayeniuliza namwambia neno moja: subira. Wiki nne. Usikimbilie kununua malkia wa kuletewa kwenye kijisanduku. Akiwa na harufu ngeni wanaweza kumzonga mpaka afe, hasa kama wana vyumba vyao tayari.

Mwenye mzinga mmoja, tafuta wa pili kabla hujatafuta kingine chochote. Bila mzinga wa pili huna pa kuazima yai. Na jifunze kutofautisha vyumba. Viwili au vitatu kwenye uso wa sega, huku mayai yamepungua, ni kubadilisha malkia. Vingi, kumi na zaidi, kwenye kingo za chini, na mzinga umefurika nyuki, wanajiandaa kugawanyika. Hapo andaa mzinga mtupu.

Siku ya 29 nilifungua mapema asubuhi, jua likiwa mgongoni linamulika ndani ya matundu. Yai moja moja, limesimama kwenye sakafu ya kila tundu, safu kwa safu. Nilikaa chini ya mti ule nikalia.

Mdogo wangu wa Urambo, andika tarehe uliyoviona vile vyumba, ning'iniza daftari nyumbani, ukakague kamba za mzinga zisipandwe na siafu. Ndani usiguse. Wiki nne zikitimia, niandikie umeona nini.