Kabla hujaenda kumwinda dubu

Mwanangu,

Marahaba. Hapa Lamadi sote tu wazima.

Umeniuliza ujiandaeje ili urudi salama, wewe na wenzako wa hapo Vancouver, Kanada, mkienda kuwinda dubu mweusi kwenye milima ya Alaska. Dubu sijamwona, ila nimesoma habari zake tangu uliponiandikia, na kufuata nyayo mbele ya wageni wa uwindaji pale pori la akiba la Maswa ndiyo kazi iliyokusomesha.

Kwanza, mwindaji bingwa, yaani kiongozi wa wawindaji mwenye leseni ya huko. Wewe si raia wala mkazi wa Marekani, na sheria ya Alaska haikuruhusu kuwinda mnyama mkubwa bila yeye. Hata isingekuwa sheria, ningekusihi.

Ninachokihofia zaidi ni mnyama aliyejeruhiwa. Jua likikaribia kuzama usipige, hata kama amesimama wazi. Nyati aliyepigwa jioni akaingia kichakani na damu yake ndiye aliyekuwa akitunyima usingizi. Ukishapiga, subirini kimya, bunduki ikiwa na risasi. Mkimfikia mwendee kwa nyuma, umguse jicho kwa fimbo ndefu. Jicho likipepesa, bado yu hai. Jike mwenye watoto mwacheni kabisa. Sheria inakataza, nami nakukataza.

Halafu harufu. Pua ya dubu ni kali ajabu, na milima hiyo ina dubu wa kahawia pia, mkubwa na mkali kuliko huyo mnayemtafuta. Pikieni mita 100 kutoka kwenye hema. Nyama msilale nayo, wala nguo zenye damu. Kila mmoja awe na kopo la dawa ya pilipili ya kupuliza, kiunoni, si ndani ya begi. Nyama ya dubu inaweza kuwa na minyoo ambayo hata kugandisha kwenye friji hakuiui siku zote. Ipikwe mpaka ndani ifike nyuzi joto 71.

Nguo za pamba ziache, ingawa zao la pamba ndilo lililotulea sisi Wasukuma. Zikilowa kwenye baridi zinaua, vaa sufu.

Mvuvi haondoki mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, bila watu kujua anaelekea upande gani. Niandikie mtapita bonde lipi, siku ya kurudi, na simu ya huyo mwindaji bingwa. Mama yako anavitaka kabla hujalipa nauli.

Baba yako