Viluwiluwi wazima, vyura wanakufa: tatizo ni nini?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nina bwawa la samaki hapa Mafinga. Viluwiluwi wanakua vizuri, lakini wakishaota miguu na kupanda ukingoni wanakufa. Ni baridi, ni dawa ya mahindi ya jirani, au ni ugonjwa?

Jibu: Pole sana, ndugu yangu. Kwa kuwa wanakufa baada ya kuota miguu, wa kwanza ninayemshuku ni fangasi wa kitridi, anayeshambulia ngozi ya vyura. Makazi yake ni kwenye keratini, ile inayofanya kucha zetu ziwe ngumu. Kiluwiluwi ana keratini mdomoni tu, hivyo anaweza kuishi na fangasi wiki nyingi. Mkia unapoyeyuka, ngozi nzima huota keratini na fangasi husambaa mwilini, tena wakati kinga nayo inajengwa upya. Chura hutegemea ngozi kusawazisha maji na chumvi. Ikiharibika, sodiamu na potasiamu hushuka hadi moyo kusimama.

Baridi peke yake haiui, ila fangasi huyu hustawi kwenye nyuzi 17 hadi 25, na hali ya hewa ya Mafinga inamfaa kuliko joto la Kyela. Dawa ya jirani usiiache nje ya hesabu. Kiluwiluwi aliyesumbuliwa na sumu, au na maji yanayokauka, anaweza kugeuka chura mapema akiwa mdogo, hana akiba ya kupambana na maradhi.

Mambo haya huja pamoja. Vyura wa Kihansi, kule Udzungwa, walinyimwa maji ya maporomoko yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme mwaka 2000. Mwaka 2003 walipukutika, na fangasi huyu akakutwa kwao. Kipi kiliwamaliza, wataalamu bado wanabishana.

Chota kiluwiluwi mmoja kwa kijiko cheupe, umtazame mdomo kwa lenzi. Taya za kiluwiluwi mwenye afya ni nyeusi, kama mstari mwembamba wa wino. Zikiwa zimepauka au zina mapengo, shuku ugonjwa. Baridi na sumu navyo huzipausha, kwa hiyo uthibitisho ni pamba ipanguswe kwenye ngozi ya chura na kupelekwa maabara kupimwa vinasaba vya fangasi.

Ukisubiri majibu, nakuomba usihamishe maji, samaki wala vyura kwenda bwawa lingine. Nyavu na mabuti yaanike juani yakauke kabisa. Fangasi huyu hahimili ukavu.