Kwa Kijana Anayetaka Kuwa Fulubeki wa Raga ya Ligi

Raga nilijifunza shuleni Nakuru, ile ya wachezaji 15. Nilipokwenda kusoma kaskazini mwa Uingereza nikakuta Yorkshire na Lancashire wana raga yao ya wachezaji 13, ndiyo raga ya ligi, iliyozaliwa Huddersfield mwaka 1895 pale klabu za huko zilipojitenga ili ziweze kuwafidia wachezaji mishahara waliyoikosa kwa kuacha kazi na kwenda uwanjani. Kwa misimu sita nilikuwa fulubeki, yaani mlinzi wa nyuma kabisa, wa klabu ya ridhaa ya huko, na ninayoyaandika hapa ninamwandikia kijana anayeitamani nafasi hiyo kama kazi ya kumlisha.

Watazamaji humpenda fulubeki kwa mbio zake, lakini kocha humlipa kwa mdomo wake. Yeye peke yake ndiye anayeuona ukuta mzima wa walinzi kwa nyuma, hivyo anapaswa kuwaambia wenzake, kabla mpira haujafika, ni upande gani umepungukiwa na mtu. Msimu wangu wa kwanza nilikuwa nikiona pengo na kunyamaza, kwa kuwa nilihofia lafudhi yangu isingeeleweka, na trai nyingi, yaani mabao ya kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa goli, zikapita mahali nilipokuwa nimekwisha kupaona. Nilipona nilipojizoeza kutamka maneno mawili tu, jina la mchezaji na upande, kwa sauti ya kufika mbali.

Jambo la pili ni kuhesabu. Timu ikishakabwa mara tano kwa kawaida huupiga mpira teke, maana ikikabwa mara ya sita inaupoteza. Anza kusogea tangu ukabaji wa tatu, ukitazama miguu ya mpigaji badala ya macho yake. Ukikaa mbele mno, atapiga kutoka nyuma ya mstari wake wa mita 40, mpira udunde uwanjani na kutoka pembeni ndani ya mita 20 zako, na mpira unabaki kuwa wao. Ukirudi nyuma mno, atausukuma chinichini kwenye nafasi uliyoiacha. Mpira wa juu nao udake ukiwa umegeuza bega na nyonga upande wa wapinzani, viwiko vikiwa karibu, ili ukikuponyoka uangukie nyuma yako na mwamuzi asikuhesabie kosa.

Sasa mwili, na hapa naomba unisikilize kuliko penginepote. Niliwahi kuteguka bega nikalificha kwa wiki tatu kwa sababu kulikuwa na mechi ya kombe. Bega hilo halijarudi kuwa kama zamani, na hata leo siwezi kulilalia. Mtazame Billy Slater wa Melbourne Storm, ambaye kwangu ndiye kielelezo cha nafasi hii: kati ya mwaka 2003 na 2018 alicheza mechi 319 za ligi ya Australia na kufunga trai 190, lakini majeraha ya bega yalimwachia mechi nane tu katika misimu miwili ya 2015 na 2016. Alikubali kufanyiwa upasuaji na kungoja, akarudi mwaka 2017, akatwaa ubingwa na medali ya mchezaji bora wa fainali. Kichwa kikitikiswa, toka uwanjani siku hiyo hiyo, hata kama kocha amekunja uso.

Kazi hii ni fupi, na kasi ndiyo huondoka kwanza. Kinachobaki ni macho na ile sauti: Slater mwenyewe tangu mwaka 2022 anaifundisha timu ya jimbo la Queensland katika State of Origin, mfululizo wa mechi kati ya majimbo mawili ya Australia. Kwa hiyo unaposaini mkataba wako wa kwanza, uliza kama ratiba ya mazoezi inakuachia jioni mbili za kusoma ukocha au fani nyingine, na uombe jibu hilo kwa maandishi.