Umehama nyumba Texas? Leseni ya bastola haifi, ila badilisha anwani

Ndugu yangu, umeuliza kama leseni yako ya kubeba bastola imekufa kwa sababu umehama Houston kwenda Dallas. Haijafa. Ni ya jimbo zima la Texas, si ya mji wala kaunti, kwa hiyo hulazimiki kurudi darasani wala hupigwi tena alama za vidole. Unachodaiwa ni kuijulisha Idara ya Usalama wa Umma ya jimbo ndani ya siku 30 tangu uhame, na unaweza kufanya hivyo kwenye tovuti yao. Tafadhali usingoje hata makatoni yafunguliwe.

Badilisha na leseni ya udereva pia, nayo ni siku 30. Polisi akikusimamisha barabarani ukiwa na bastola kiunoni na akaomba kitambulisho, sheria inakutaka utoe kadi zote mbili. Anwani zikipishana, maswali yanaanza palepale, na hiyo si saa ya kujieleza.

Najua tangu Septemba 2021 wengi wenye miaka 21 kwenda juu hubeba bila leseni Texas. Yako itunze hata hivyo, maana inakusaidia ukiingia majimbo mengine yanayoitambua.

Kuhamia jimbo jingine ni habari tofauti kabisa. Florida, kwa mfano, ukishakuwa mkazi wao, leseni ya kutoka nje inakubeba siku 90 tu. Baada ya hapo, ukitaka leseni inayotambulika huko, chukua ya kwao.