Kwa nini uyoga wa kichuguu haulimwi
Mkuu umeuliza kwa nini uyoga wa kwenye vichuguu haulimwi kama mamama (ule uyoga wa oyster) wakati ndo mtamu kuliko wote, jibu ni kwamba ule una wenyewe, mchwa. Kitaalamu unaitwa Termitomyces. Mchwa wanakula majani makavu na vijiti huko nje wanarudi wanakunya ndani, yale mavi wanayajenga kama sega hivi halafu kuvu ya huo uyoga inaota humo inalainisha ule ugumu wa mti ambao tumbo la mchwa peke yake haliwezi vizuri, baadae wanakula sega lililoiva pamoja na vidonge vyeupe vya hiyo kuvu. Na wao ndo wanapalilia, wakifa tu kuvu zingine zinavamia zinafunika sega lote.

Maabara nyuzi za huo uyoga zinaota fresh, ila kuufanya utoe kofia bila mchwa ndo kazi, kibiashara hamna kabisa. Mvua zikikolea unachomoza wenyewe, ukifukua taratibu utaona shina limeshuka chini kama mzizi mpaka kwenye sega, hiyo alama usiiache. Zambia kuna aina kofia yake inafika mita moja, mmoja tu familia inashiba.

Ila sio kila mweupe jirani na kichuguu ndo wenyewe jamani. Kuna ule wa kwenye nyasi, ukikomaa vile vipande vya chini ya kofia vinageuka kijani, ukila huo utatapika na kuharisha mpaka ukome.