Usilifungue Dirisha Kabla ya Kuzijua Pumba

Kama ndiyo kwanza unaanza kusaka uozo adimu wa chembe, yaani chembe kuvunjika na kuwa nyingine kwa namna itokeayo mara chache mno, nakuomba jambo moja: eneo la tungamo unalotarajia uozo huo uonekane, ndilo dirisha, lifiche, na usilichungulie mpaka vigezo vyako vyote vya kuchuja matukio viwe vimekamilika.

Chukua mezoni ya B-s, chembe isiyodumu, inayooza na kuwa muoni mbili (muoni ni ndugu mzito wa elektroni). Nadharia inasema hutokea mara 3 au 4 tu katika kila mezoni bilioni moja. Ilisakwa kwa takriban miaka 30 hadi wanasayansi wa jaribio la LHCb, kule CERN, maabara ya fizikia ya chembe karibu na Geneva, walipopata dalili ya kwanza mwaka 2012. Data zao zikaunganishwa na za CMS, jaribio jingine la huko huko, na uthibitisho ukachapishwa mwaka 2015. Kwenye uozo adimu namna hiyo, tukio moja ulilolibakiza kwa kulipenda tu linatosha kukupoteza.

Nasema kwa kuwa yalinikuta. Nikiwa mwanafunzi, kila jioni nilikuwa nachora histogramu, nagusa kigezo kimoja, natazama kama kichuguu, yaani mrundikano wa matukio ndani ya dirisha, kimekua. Kikakua kweli, na usingizi ukaniruka kwa furaha. Kisha mwenzangu akaniuliza, "Una hakika hizo ni muoni?" Tukapitia tukio moja moja. Nyingi zilikuwa kaoni na pioni, chembe za aina nyingine, zilizooza njiani ndani ya kigunduzi na kutoa muoni. Jozi kama hiyo ukiihesabu kama muoni, tungamo lake linashuka kidogo, na pale ndipo kichuguu changu kilipokuwa.

Tangu hapo pumba, yaani matukio ya uongo yanayofanana na unayoyasaka, nazipima kwa data zenyewe, siziachii programu ya uigaji peke yake. Njia niipendayo ni ya mezoni ya D-nyota: ikioza hutoa mezoni nyingine, D-sifuri, na pioni moja ya mwendo mdogo, na chaji ya pioni hiyo hukuonyesha ipi kati ya chembe mbili zinazotokana na uozo wa D-sifuri ni kaoni. Unapata kaoni halali kwa maelfu, unahesabu ngapi zimejivika umuoni.

Elektroni nazo zina pumba zake. Mwaka 2021 LHCb walitangaza tofauti kati ya mara ambazo mezoni za B huoza kutoa muoni na mara zinapotoa elektroni, iliyofikia sigma 3.1 (sigma hupima jinsi ilivyo vigumu matokeo kuwa bahati tu). Desemba 2022 wakaeleza wao wenyewe kwamba imetoweka, baada ya kuzihesabu upya chembe zilizojifanya elektroni. Nawaheshimu sana kwa hilo.

Uchambuzi wangu niliurudia dirisha likiwa limefungwa. Siku ya kulifungua tulikuta matukio machache, sawa na pumba tulizokadiria. Tukaandika kikomo cha juu cha mara ambazo uozo ule unaweza kutokea, na kikomo kile nakisimamia hadi leo.