Kijana Anayeondoka Kituoni Apewe Nini Kwanza?

SWALI: Mhariri, mimi ni mlezi katika kituo cha watoto huku Kisauni, Mombasa. Kijana wetu, aliyeletwa akiwa na miaka 4, atatimiza miaka 18 baada ya miezi 3, na uongozi umeamua kumpa godoro, jiko na kodi ya mwezi mmoja. Juzi nilimtuma unga dukani, akarudi mikono mitupu akiniuliza anunue kiasi gani, kwa kuwa kwetu unga huja kwa magunia. Tangu siku hiyo sina raha. Nimsaidieje?
Mama Mlezi, Kisauni

JIBU: Mama, una haki ya kukosa raha, na nashukuru umeuliza mapema. Godoro ni jema, lakini tangulizeni karatasi. Bila kitambulisho cha kitaifa hataweza kusajili laini ya simu kwa jina lake wala kufungua akaunti ya benki, na mwajiri wa Changamwe au Shanzu atamrudisha getini. Kwenye usajili ataulizwa cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi, maswali ambayo kijana aliyelelewa kituoni hana wa kumjibia. Basi nenda wiki hii kwa afisa wa watoto, uombe barua na nakala ya amri ya mahakama iliyomweka kituoni, kisha mfuatane naye hadi kwa chifu. Kama hana cheti cha kuzaliwa, anzeni na hicho, maana usajili uliochelewa huchukua muda. Mkiwa na faili mkononi, tazameni pia kama limetaja shangazi, mjomba au ndugu yeyote anayeweza kutafutwa.

Kisa cha unga kimenigusa mno. Huo si ujinga wa kijana; ni sisi tuliompikia miaka 14 bila kumwonyesha bei. Mkabidhi fedha za chakula chake cha wiki nzima, ajinunulie unga, mafuta na mboga, apike kwa sufuria ndogo. Zikimwishia Alhamisi, afadhali zimwishie akiwa bado na wewe wa kukaa naye chini wapige hesabu upya.

Katiba ya Kenya inamhesabu kuwa mtoto hadi anapotimiza miaka 18, na kuanzia hapo humwita kijana, ambaye Kifungu cha 55 kinaitaka Serikali imwezeshe kupata elimu, mafunzo na ajira. Uongozi usidhani, basi, kwamba siku hiyo dhamana imekwisha. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya 2009 kuhusu malezi mbadala inahimiza kila inapowezekana kila mtoto apangiwe mtu maalumu wa kumsaidia kujitegemea anapoondoka. Omba uandikwe wewe, kwa barua, ili asiwe mgeni anapobisha hodi. Mwenye nyumba atamwuliza ana nani hapa mjini. Mpe ruhusa ataje jina lako na nambari yako ya simu.